Maharage Juu ya Makaburi

Minza alipofika Chala mara ya kwanza, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa makaburi.

Hakuna aliyemwambia kwamba ni makaburi. Ana macho, aliyaona. Kuanzia kando ya barabara mpaka kule ambako Ufipa inagusana na mawingu, ardhi ilikuwa imejaa vilima vidogo vya udongo, vya duara, vimekaa kwa safu, vingine vibichi kabisa utafikiri wenye msiba wameondoka sasa hivi. Miti ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Upepo tu, na vile vilima. Minza alikaza khanga aliyombebea mtoto, akaharakisha kumfuata mumewe. Kashinje, huyo mumewe, hakuona kitu. Mwanamume wa Kisukuma akiwa nyuma ya ng'ombe wake, hata ukimpitishia jeneza mbele ya pua atauliza kama mmeona ndama amepita.

Walikuwa wametoka Maswa kutafuta malisho. Kashinje na ng'ombe walikuja kwa miguu, wakikata mapori ya Tabora na Inyonga. Minza na mtoto walikuja kwa treni mpaka Mpanda, wakakutana hapo. Mtoto alikuwa wa kike, ndiyo kwanza anaota meno, na jina lake lilikuwa Sayi, jina la bibi yake mzaa mama. Bibi Sayi alibaki Maswa na kaka yake Minza, Masanja. Siku ya kuagana yule bibi alimshika mjukuu mashavu akamwambia, "Wajina wangu, nenda, lakini usinisahau," kana kwamba mtoto wa meno mawili angeweza kuahidi kitu.

Zile ndizo enzi ruksa ya biashara ilipopamba moto. Maduka ya Chala, ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na kiberiti na mwenye duka tu, sasa yalifurika mabeseni ya rangi, mitumba, betri na redio kaseti. Kashinje aliuza dume moja mnadani, akarudi nyumbani amekumbatia redio kaseti kama mtu aliyeokota mtoto. Minza hakujua kuandika, na mama yake hakujua kusoma, kwa hiyo ile mashine ndiyo ikawa mdomo na sikio lao. Alirekodi habari zake kwa Kisukuma, kaseti ikatiwa kwenye mfuko wa koti la Msukuma yeyote aliyekuwa anakwenda kuwaona ndugu, na kule Maswa Masanja akaibonyeza mbele ya mama yake. Na si mbele ya mama peke yake. Kaseti ilipofika, jirani wote walikuja na vigoda vyao, na kila aliyesikia alitoa maoni.

Kaseti ya kwanza ilisema hivi: "Mama, mwangaluka. Tumefika salama. Wajina wako hajambo, ananyonya kama ndama. Huku ni baridi, mama, asubuhi meno yanagongana yenyewe. Watu ni wapole. Wakikusalimia wanachuchumaa na kupiga makofi taratibu, mpaka unajiona mtemi. Ila wanakufa sana. Makaburi ya huku hayahesabiki. Wanazika mpaka mlangoni."

Akaituma, roho yake kwatu.

Hazikupita siku nyingi akamwona jirani yake Leonia, mama wa Kifipa mwenye mwili na sauti ya kwaya, yuko shambani anafukia kilima kipya, jasho linamtoka. Peke yake! Minza alisikia uchungu. Msiba gani huu mwanamke anazika mwenyewe, wanaume wako wapi? Akaweka mikono kichwani kama alivyofundishwa kwao, akaenda huku analia kwa sauti.

"Pole, mama. Pole sana. Ni nani?"

Leonia aliegemea jembe. "Nani nini?"

"Uliyemzika."

Leonia alitazama kilima, akamtazama Minza, akatazama tena kilima. Kisha akakaa chini, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Alipopata pumzi alichimba kile kilima kwa mkono, akatoa fungu la majani mabichi. "Hii ni ntumba, mama. Majani tunayageuza chini, tunayafunika na udongo yaoze, yawe mbolea. Juu tunapanda maharage. Mvua za mwakani tunabomoa, tunatawanya udongo, tunapanda ulezi au mahindi. Baba yangu alilima hivi, na babu yangu. Hatujazika mtu humu, labda panya."

Minza alitamani ardhi immeze. Lakini Leonia alimpa jembe, akamwonyesha namna ya kukata majani na kuyageuza, na mpaka jua linainama walikuwa wamekwisha kuwa marafiki.

Basi kaseti ya pili ikaenda mbio kurekebisha mambo. "Mama, samahani, yale si makaburi. Ni kilimo tu. Wanapanda maharage juu yake."

Jibu la Maswa lilikuja na kelele za jirani nyuma. Sauti ya Bibi Sayi ilikuwa inatetemeka. "Minza mwanangu! Wanapanda maharage juu ya wafu, halafu wanayala? Na wewe umeyala?"

Akajaribu tena. Kaseti ya tatu alieleza kwa kirefu kwamba vilima havikai hivyo hivyo, mvua zikija vinabomolewa na udongo unatawanywa shamba zima. Alifikiri hapo amemaliza kesi. Jibu likaja: "Wanafukua! Masanja, umesikia? Wanafukua na kutawanya! Mwanangu, mumeo amesimama pembeni anakwambia la kusema, mimi najua. Rudi nyumbani na wajina wangu. Masanja atakuja kuwachukua."

Kashinje alivunjika mbavu kwa kicheko. Minza naye alicheka, lakini cheko lake liliishia njiani. Alimjua mama yake. Bibi Sayi akishaliamini jambo, haambiliki hata na mtemi.

Mwezi wa sita uliofuata baridi ilishuka Ufipa kwa hasira. Asubuhi majani yalikuwa meupe, na upepo ulipita kwenye nyufa za nyumba ile mpya ambayo Kashinje alikuwa hajaikandika vizuri. Mtoto Sayi, aliyekuwa anatembea kwa kushika kuta, alishikwa na kichomi. Walimpeleka zahanati, akalazwa, wakahangaika naye wote. Hakupona.

Wao walikuwa wageni, wanalima shamba la kuazima, hata pahala pa kumlaza mtoto hawakuwa napo. Kashinje alikaa nje ya nyumba, akasahau kufungulia ng'ombe, na kwa Kashinje hilo ni kilio kikubwa. Leonia ndiye aliyekuja. Hakuuliza dhehebu wala kabila. "Mtoto hazikwi ugenini," alisema. "Atalala kwetu." Wakamzika mwisho wa shamba la Leonia, pale walipolala wakwe zake na mtoto wake mmoja aliyefariki mchanga. Kina mama wa jumuiya walikuja wote, wakachuchumaa, wakapiga yale makofi yao ya taratibu, na Minza alihisi kwamba wanamsalimia mwanawe. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Minza pale kijijini. Waliendelea kumwita Mama Sayi, kwa makusudi, na hawakuacha.

Sasa, mama yake kule Maswa atamwambiaje?

Mara kadhaa alibonyeza kitufe chekundu. Kaseti ilizunguka, na yeye akaitazama. Akilini alimwona mama yake amekaa katikati ya jirani, vigoda vimejaa uani, watu wanatafuna michembe ya viazi vikavu wakingoja vituko vya Ufipa. Habari ya kufa kwa mtoto haitupwi katikati ya baraza namna hiyo. Tena mama angesema neno moja tu, nilikwambia, na hilo lingemmaliza. Na Masanja angekuwa kwenye treni ya wiki hiyo hiyo kuja kumchukua. Zamani asingejali kurudi. Sasa hakuweza. Angeondoka vipi, mtoto abaki peke yake mwisho wa shamba?

Kwa hiyo alisema habari za ng'ombe.

Kaseti za Chala zikawa tamu kuliko zote. Ng'ombe mweusi amezaa. Wametoa magunia ya ulezi. Dagaa wa Kabwe wamefika gulioni, mama, wakubwa kama kidole. Mitumba imeingia, nimepata koti la mzungu lenye vifungo vya dhahabu, si dhahabu kweli. Na kila jibu kutoka Maswa lilianza vile vile: "Mwangaluka, mwanangu. Wajina wangu hajambo?" Kila mara Minza aliruka swali lile kama mtu anayeruka dimbwi, akatua kwenye ng'ombe. Safari moja alituma na kiroba cha maharage, mekundu, ya ntumba yake mwenyewe. Masanja, ambaye hana kona, alisema wazi kwenye kaseti iliyofuata kwamba mama hakuyapika. Aliyafukia nyuma ya nyumba, akanawa mikono. Minza alikaa na uchungu huo siku nyingi. Alikuwa amechambua punje moja moja.

Akazaa mtoto wa kiume. Leonia akaomba awe mama wa ubatizo, na mtoto akaitwa Gaudensi. "Gaudensi ndiyo jina la nani kwetu?" Bibi Sayi aliuliza kwenye kaseti, na jirani wa Maswa wakasikika wakijaribu kulitamka mmoja mmoja na kuanguka vicheko. Lakini safari hiyo Bibi Sayi alisahau kuuliza habari za wajina. Kaseti iliyofuata hakuuliza tena. Wala iliyofuata hiyo. Minza alishusha pumzi, kisha akaona aibu kwa kushusha pumzi, na chini ya yote hayo aliumia. Mama amezeeka, alijiambia. Amemsahau. Hata yeye amemsahau.

Miaka ikaenda. Ikafika siku moja ya mwezi wa kwanza, Minza anarekodi kama kawaida, ameeleza bei ya chumvi na mguu wa Kashinje uliokanyagwa na fahali, mara Leonia akabisha hodi. Minza akainuka kumlaki na hakukumbuka kuzima. Walisalimiana kwa Kifipa, makofi na yote. Leonia alikuwa na kisa cha katekista aliyeangukia kwenye pipa la pombe ya ulezi mwenyewe akiwa amekuja kuikemea, na Minza alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha sauti ya Leonia ikashuka, akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa mambo ya heshima Minza bado aliyasikia vizuri zaidi kwa Kiswahili: "Haya, Mama Sayi, chukua jembe twende. Kesho kutwa wataanza kulima upande ule, na sisi pale pawe pasafi."

Kaseti ilikula maneno yote hayo mpaka ikaisha yenyewe. Minza aliporudi aliitoa, akaitia kwenye bahasha, akampa msafiri.

Jibu lilikuwa fupi kuliko yote yaliyowahi kuja. Jirani hawakusikika, hata Masanja hakukohoa. "Mwangaluka, mwanangu. Nakuja."

Minza hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alijua maana yake: mama na Masanja wanakuja kumchukua, na mbele ya macho yale atasema nini? Kwenye kaseti unaweza kuruka dimbwi. Mama yako akiwa amekaa kwenye kigoda chako, utarukia wapi?

Walishuka kwenye basi la Mpanda mwezi wa tatu, wakati mbaya kuliko yote, maana ndio mwezi wa kufanya ntumba, na shamba zima kuanzia stendi mpaka nyumbani lilikuwa limejaa vilima vipya. Bibi Sayi alikuwa amepungua mwili, amejifunga khanga mbili na sweta la Masanja juu. Alipoona mashamba alisimama. Kashinje, aliyetoka kuwapokea huku anachechemea, alifungua mdomo kueleza, mama mkwe akamkata jicho, akaufunga. Walitembea mpaka shamba la Leonia. Pale Bibi Sayi akatua furushi lake.

"Nipeni jembe."

"Mama, pumzika kwanza, unywe maziwa," alisema Minza.

"Nimesema jembe."

Ntumba iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya Leonia, ya jana yake, imesuguliwa vizuri kama chungu. Watu walikwisha anza kusogea, kwa kuwa habari ya mama wa Kisukuma na makaburi ilijulikana kijiji kizima na ilikuwa imechekwa kwenye pombe nyingi. Leonia alichuchumaa, akampigia mgeni makofi, akamkabidhi jembe lake mwenyewe. "Chimba, mama," akasema. "Ni yako."

Bibi Sayi alichimba. Alichimba kwa adabu, pole pole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Majani yakatoka. Akazidi. Majani mengine, yameanza kulegea, yana joto. Akafika chini kwenye udongo mgumu, akagonga mara mbili. Hakuna kitu. Akachukua fungu la majani, akanusa, akampa Masanja anuse, akakaa kitako shambani.

"Maharage yale," alisema mwishowe. "Yalikuwa mekundu, mazuri, yanang'aa. Nimeyafukia mimi, mzee mzima!"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika Namanyere. Masanja alicheka huku anajipiga mapaja, Kashinje akasahau mguu wake, na Bibi Sayi mwenyewe akacheka mpaka machozi. Leonia alikuwa ameshika tumbo. Minza peke yake ndiye aliyeshindwa. Alikuwa anatazama mwisho wa shamba.

Vicheko vilipotulia, mama yake akanyoosha mkono ili ainuliwe. Minza akamwinua. Bibi hakuuachia ule mkono.

"Haya," akasema taratibu, kwa Kisukuma, watu wengine wasisikie. "Hayo nimeyaona. Sasa nipeleke kwa wajina wangu."

Minza akaanza: "Mama..."

"Uliacha kumtaja. Mwanzoni nikasema huyu ana mambo mengi. Nikauliza, ukaniambia ng'ombe. Nikauliza tena, ng'ombe. Mama gani anaulizwa mtoto wake anajibu ng'ombe? Siku moja nikaelewa, nikanyamaza. Kaseti yenyewe inasikilizwa na mtaa mzima, ningekuuliza nini, uje ulie mbele ya watu?" Akavuta pumzi. "Nikakaa nasema, amemzika wapi, kwa watu gani, nani anamjua. Ndipo nikasikia huyu mama anakuita Mama Sayi. Miaka yote hiyo, bado anakuita. Nikamwambia Masanja akate tiketi."

Walikwenda wenyewe wawili. Pale mwisho wa shamba palikuwa pamelimwa kwa mkono, pasafi, na kilima kimoja kidogo kuliko ntumba yoyote, kimepandwa maua ya njano ambayo Leonia aliyatoa kwa masista. Bibi Sayi alikaa chini, akanyoosha miguu, akapangusa pua kwa ncha ya khanga.

"Mwangaluka, wajina," alisema. "Ni mimi, Sayi wa Maswa. Nimechelewa. Nyumba tumeezeka upya, mjomba wako ameweka bati upande mmoja, la pili bado maneno. Ng'ombe mwekundu amezaa mapacha. Pamba siku hizi wanakuja kununua watu binafsi, kila mmoja na mzani wake, na kila mzani na uongo wake. Nimekuletea michembe, lakini wewe meno yako sijui yamefika mangapi..."

Akaendelea hivyo, habari moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka ile ya michembe ikamrudia na sauti ikakatika. Hapo Minza akalia. Alilia kwa sauti, kile kilio cha kwao cha mikono kichwani, alichokuwa amekibana tangu mwezi ule wa baridi, na mama yake alimshika mgongo, hakumwambia anyamaze.

Bibi Sayi alikaa Chala mpaka maharage yakakomaa. Aliyala asubuhi na jioni. Siku ya kuondoka, Masanja aliuliza, kwa kuwa ndilo lililomleta, kama dada naye afunge mizigo. Mama yake alimtazama kama mtu aliyeuliza jua litoke wapi. "Aende wapi? Mtoto wake yuko hapa," alisema, akapanda basi.

Kaseti ya kwanza kutoka Maswa baada ya hapo ilikuwa na kelele kama zamani: vigoda, kikohozi cha Masanja, jirani wanagombea nafasi. Kisha sauti ya bibi, kavu, ya kusikika mpaka uani: "Mwangaluka, mwanangu. Wajina wangu hajambo?"

Minza alikaa na swali lile asubuhi nzima. Kisha akaweka kaseti mpya, akabonyeza kitufe chekundu.

"Mwangaluka, mama," akasema. "Wajina wako hajambo. Jana nilikwenda kumpalilia." Akaendelea na habari za ng'ombe.